MAUMIVU NA SUKARI BAADA YA KUPASULIWA MOYO

Ndugu wasomaji, siku hizi si ajabu kusikia kijijini kwamba fulani alipasuliwa moyo na sasa amerudi nyumbani. Zamani mgonjwa wa namna hiyo alipelekwa nchi za nje, hasa India, na hao walikuwa wachache waliobahatika. Mwaka 2008 madaktari wa Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kufanya upasuaji wa kufungua moyo hapa hapa nchini. Mwaka 2015 kazi hiyo ikapata chombo chake, yaani Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete.

Basi wengi wetu hudhani kwamba mgonjwa akishatoka chumba cha upasuaji, kazi imekwisha. Sivyo. Bado kuna mambo mawili ambayo yanaweza kumponya au kumrudisha kitandani. La kwanza ni maumivu. La pili ni sukari iliyomo katika damu. Ukiyatazama haraka utasema mambo haya hayahusiani. Kumbe ni kama maksai wawili wanaovuta plau moja. Mmoja akienda kombo, mwenzake naye hupotoka. Katika toleo hili tutaeleza kwa nini iko hivyo, na nini la kufanya hospitalini na nyumbani.

KIFUA HUFANYWAJE?

Weka mkono wako katikati ya kifua. Utagusa mfupa mrefu, ule unaoshika mbavu za kulia na za kushoto. Wengine huuita kidari. Katika upasuaji mwingi wa moyo, daktari huukata mfupa huo kwa msumeno mdogo kutoka juu hadi chini. Kisha huzitanua mbavu ili aufikie moyo.

Mara nyingi moyo wenyewe husimamishwa kwa muda. Damu hupitishwa katika mashine ambayo hufanya kazi ya moyo na ya mapafu. Mashine ya namna hiyo ilifanikiwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1953, mikononi mwa daktari John Gibbon, katika mji wa Philadelphia, Marekani. Moyo ukishasimama, daktari hutengeneza kilichoharibika. Pengine ni vali, yaani vile vilango vinavyozuia damu isirudi nyuma. Pengine ni tundu ambalo mtoto alizaliwa nalo. Pengine ni mishipa inayoulisha moyo, ambayo imeziba. Hapo daktari huweza kuchukua mshipa wa mguuni na kuupandikiza kifuani ili damu ipate njia nyingine.

Kazi ikiisha, mfupa hufungwa kwa waya za chuma, na mirija huachwa kwa siku chache ili kutoa damu na maji yanayobaki kifuani. Ngozi hufunga mapema. Mfupa hauna haraka. Unahitaji wiki sita mpaka kumi na mbili hivi ili ushikamane vizuri.

Sasa umeona maumivu yanatoka wapi. Mfupa umekatwa, mbavu zimetanuliwa, mirija inachoma, na pengine mguu nao una kidonda.

KUVUMILIA MAUMIVU SI USHUJAA

Watu wetu wamefundishwa kuvumilia. Mwanamume halii, na mama aliyezaa watoto saba haoni kidonda kuwa kitu. Basi mgonjwa hulala kimya na meno ameyauma. Akiulizwa, anasema, "Sijambo." Hebu tutazame kinachotokea ndani ya mwili wake.

Mtu mwenye maumivu ya kifua hapumui kwa kina. Anavuta pumzi fupi fupi. Hataki kukohoa, maana kukohoa ni kama kupigwa shoka. Asipokohoa, makohozi hukaa katika mapafu. Sehemu za chini za mapafu hujifunga, kwa sababu hewa haizifikii. Vijidudu hupata makao humo. Baada ya siku chache mgonjwa ana homa ya mapafu. Moyo umetengenezwa vizuri, lakini mapafu yanaweza kumwua.

Tena, mwenye maumivu hataki kuinuka. Damu ya miguuni hutulia na huweza kuganda. Bonge la damu likitoka mguuni likafika kwenye mapafu, ni hatari kubwa.

Kwa hiyo mwuguzi anapouliza habari ya maumivu, hafanyi mazungumzo ya kupitisha wakati. Anataka kipimo, kama vile anavyotaka kujua joto la mwili. Mara nyingi mazungumzo huwa hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, kama sifuri ni kutokuwa na maumivu kabisa, na kumi ni maumivu makali kuliko yote, wewe uko wapi?"

"Aa, nimetulia tu, mwanangu."

"Na ukikohoa je, mzee?"

"Hapo sasa! Hapo ni nane."

Angalia swali la pili. Mgonjwa aliyelala kimya anaweza kuwa na maumivu kidogo tu. Kipimo cha kweli ni pale anapokohoa, anapogeuka na anapoinuka. Kama hawezi kukohoa, basi dawa alizopewa hazijatosha, na inafaa aseme. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mficha maumivu naye ni vivyo hivyo.

NJIA ZA KUPUNGUZA MAUMIVU

Madaktari hawategemei dawa moja. Huchanganya njia kadhaa, kila moja kwa kiasi, ili faida zijumlishwe na madhara yapungue. Njia zenyewe ni hizi:

1. Parasetamoli. Hii ni ile dawa wengi wanayoiita Panadol. Msiidharau kwa kuwa inauzwa madukani. Ikitolewa kwa saa zake, bila kungoja maumivu yapande, hupunguza haja ya kutumia dawa kali. Mtu mzima mwenye mwili wa kawaida hupewa vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita. Asizidishe vidonge vinane kwa siku moja, usiku na mchana. Kuzidisha huharibu ini. Mwembamba sana, au mwenye ugonjwa wa ini, hupangiwa pungufu. Mkumbuke pia kwamba dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake.

2. Mofini. Dawa hii ina nguvu sana. Hutolewa katika mshipa siku za kwanza, kidogo kidogo. Hospitali nyingine zina mashine ambayo mgonjwa mwenyewe hubonyeza kitufe na kupata kipimo kidogo. Mashine imefungwa ili asipate kuzidisha. Ubaya wa mofini ni kwamba huleta kichefuchefu, usingizi na choo kigumu. Ikizidi, hupunguza kasi ya kupumua. Ndiyo maana mgonjwa huangaliwa kwa karibu, na dawa hupunguzwa kadiri anavyopata nafuu.

3. Ganzi ya mishipa ya fahamu. Daktari wa usingizi hutumia mashine ya ultrasaundi kuona ndani ya misuli. Kisha hupiga sindano ya ganzi pale inapopita mishipa ya fahamu ya kifua. Sehemu ile hufa ganzi kwa saa kadhaa, na mgonjwa huhitaji mofini kidogo tu. Kuna pia ganzi inayopitishwa karibu na uti wa mgongo. Hiyo hutumiwa kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu mgonjwa wa moyo hupewa dawa za kuzuia damu isigande, na damu ikivuja karibu na uti wa mgongo huweza kuleta kupooza.

4. Mto. Msicheke! Mgonjwa hukumbatia mto mdogo, au khanga iliyokunjwa vizuri, akaubana kifuani kwa mikono yote miwili, kisha akakohoa. Mfupa hautikisiki sana, na maumivu hupungua. Njia hii haina gharama, na yafaa hata nyumbani.

DAWA ZA KUOGOPA

Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo. Kuna dawa za maumivu ambazo watu huzinunua kama karanga. Mfano ni diklofenaki na ibuprofeni. Dawa hizi hufaa kwa mambo mengine, lakini kwa aliyepasuliwa moyo zinaweza kudhuru figo, kufanya mwili ujae maji, kutoboa tumbo na kuvujisha damu. Marekani tangu mwaka 2005 imeagiza dawa za kundi hili ziandikwe onyo la wazi kwamba zisitumiwe kutuliza maumivu ya upasuaji wa kupandikiza mishipa ya moyo. Sababu ni kwamba ziliongeza hatari ya shambulio la moyo na kiharusi.

Waliowekewa vali ya chuma wana jambo zaidi. Wao hunywa warfarini maisha yao yote ili damu isigande kwenye vali. Warfarini ikikutana na diklofenaki, damu inaweza kuvuja tumboni bila mtu kujua. Baadhi ya dawa za miti shamba nazo huivuruga. Hata parasetamoli, ikitumiwa kwa wingi kila siku kwa muda mrefu, huweza kuongeza nguvu ya warfarini. Basi ukienda kliniki sema wazi kila unachokunywa, hata kama ni majani ya bibi.

Aspirini ndogo ambayo daktari amekuandikia kwa ajili ya moyo ni habari nyingine. Hiyo usiiache bila kuambiwa.

SUKARI INAINGIAJE HAPA?

Mtu atauliza, "Mimi sina kisukari. Mbona hospitalini walinichoma kidole kila saa?"

Jibu ni hili. Mwili ukijeruhiwa hudhani uko vitani. Hutoa vichocheo viwili vikubwa, adrenalini na kotisoli. Vichocheo hivyo huliambia ini limwage sukari yake katika damu, ili mtu apate nguvu ya kukimbia au kupigana. Wakati huo huo insulini, inayotoka kwenye kongosho na kuingiza sukari katika misuli, hupungukiwa nguvu. Isitoshe, baadhi ya dawa za kuusaidia moyo uliochoka ni adrenalini yenyewe. Kwa hiyo sukari hupanda hata kwa mtu ambaye hajawahi kuugua kisukari. Kwa mwenye kisukari hupanda zaidi.

Sasa turudi kwa wale maksai wawili. Maumivu makali nayo huongeza vichocheo hivyo hivyo. Kwa hiyo mgonjwa anayeficha maumivu huenda anajipandishia sukari bila kuonja hata kijiko kimoja. Na kumtuliza maumivu ni sehemu ya kumtuliza sukari.

SUKARI IKIZIDI, NA IKIPUNGUA

Sukari nyingi katika damu huzidhoofisha chembe nyeupe, ambazo ndizo askari wa mwili. Vijidudu hupata nafasi. Kidonda hukawia kufunga. Hatari kubwa ni usaha kuingia mpaka kwenye mfupa wa kifua. Hapo waya hulegea, kifua hufunguka, na mgonjwa hurudi chumba cha upasuaji. Wengine hufa.

Madaktari wa mji wa Portland, Marekani, waliwafuata wagonjwa wa kisukari zaidi ya 2,400 waliopasuliwa moyo. Zamani waliwapa insulini kwa sindano za chini ya ngozi. Baadaye waliwapa kwa dripu, polepole, huku wakipima mara kwa mara. Matokeo waliyatoa mwaka 1999. Kwa njia ya zamani, katika kila wagonjwa 1,000, wapatao 20 walipata usaha wa ndani ya kifua. Kwa njia ya dripu walikuwa 8.

Mwaka 2001 madaktari wa Leuven, Ubelgiji, walikwenda mbali zaidi. Waliwachukua wagonjwa 1,548 walio mahututi baada ya upasuaji, wengi wao wakiwa wa moyo. Nusu yao walishushwa sukari mpaka kiwango cha mtu mzima asiye na ugonjwa, yaani kati ya 4.4 na 6.1. Katika nusu hiyo walikufa wachache zaidi. Dunia nzima ikafurahi. Hospitali nyingi zikaiga.

Lakini mwaka 2009 likatoka jibu jingine. Utafiti wa wagonjwa mahututi zaidi ya 6,000, wengi wao wa Australia, New Zealand na Kanada, ulionyesha kinyume. Katika kila wagonjwa 1,000 waliobanwa sana, 275 walikufa ndani ya siku 90. Kwa wale walioachiwa sukari iwe 10 au chini yake, walikufa 249. Tena waliobanwa walipatwa mara nyingi zaidi na sukari kushuka vibaya. Na ubongo hauna akiba ya sukari. Ukiikosa, huzimika.

Tunajifunza nini? Kwamba kila kitu kina kiasi chake. Jiko lisilo na moto haliivishi, na lenye moto mwingi huunguza. Siku hizi hospitali nyingi hulenga sukari isizidi 10 na isishuke karibu na 4. Namba hizi ni zile unazoziona kwenye mashine ya kupimia kidole, kwa kipimo cha milimoli.

MKIWA NYUMBANI

Sasa mgonjwa amerudi kijijini. Daktari hayupo. Mwuguzi ni wewe, ndugu msomaji. Zingatia haya:

Wageni na soda. Ni desturi yetu nzuri kumwona mgonjwa. Lakini kila mgeni huja na soda au maji ya matunda ya boksi. Soda moja ya chupa ina vijiko vingi vya sukari. Wageni wakiwa watano, mgonjwa wa kisukari ameshapotea. Waambieni mapema, bila haya, walete mayai, samaki, maharage au mboga. Ugali si marufuku, ila uwe wa kiasi, na mboga iwe nyingi. Kidonda kinahitaji protini ili kifunge.

Insulini. Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, lakini isigande. Kama hakuna friji, wekeni ndani ya mfuko usiopitisha maji, kisha ndani ya chungu chenye maji, mahali penye kivuli. Iliyokwisha kufunguliwa kwa kawaida hutumika wiki nne hivi. Msiiache juani wala kwenye dirisha la basi.

Sukari ikishuka. Mgonjwa hutokwa jasho, hutetemeka, huona njaa kali, huchanganyikiwa au huwa mkali bila sababu. Kama ana mashine na imeonyesha chini ya 4, au kama hana mashine lakini ana dalili hizi, mpeni maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari. Ngojeni robo saa, mpime tena. Akipata nafuu, ale chakula. Soda sasa ndiyo wakati wake! Akiwa amezimia, msimmiminie kitu kinywani, atapaliwa. Mkimbizeni hospitali. Mjue pia kwamba dawa za kupunguza kasi ya moyo, kama atenololi na bisoprololi, huficha kutetemeka na mapigo ya moyo. Jasho hubaki. Kwa hiyo jasho la ghafla lisipuuzwe.

Kazi. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Jembe nalo hutikisa kifua chote. Kwa wiki sita za kwanza, na kwa wengine mpaka miezi mitatu, asinyanyue zaidi ya kilo tano hivi, asilime, asitwange, asipande baiskeli wala bodaboda. Atembee kwa miguu, leo kidogo, kesho zaidi. Hapa ndipo familia hupimwa. Kama mama ndiye aliyepasuliwa, nani atachota maji? Amueni kabla hajarudi, maana akikuta ndoo tupu ataibeba tu.

Choo. Kujikamua huumiza kifua. Ale mboga na matunda kwa kiasi. Akiwa bado anatumia vidonge vikali vya maumivu na choo kimekuwa kigumu, aombe dawa ya kulainisha kliniki. Maji anywe kama alivyoelekezwa, kwa sababu wengine wa moyo huwekewa kipimo.

DALILI ZA KUKIMBILIA HOSPITALI

Msingoje siku ya kliniki mkiona moja ya haya: kidonda kutoa usaha au kuwa chekundu na cha moto, mfupa wa kifua kulia au kucheza anapogeuka, homa, maumivu yaliyokuwa yakipungua kuanza kupanda, pumzi kuwa fupi, miguu kuvimba ghafla, kinyesi cheusi kama lami kwa anayetumia warfarini, au sukari kukaa juu siku mbili mfululizo ingawa amemeza dawa na amekula vizuri. Mara nyingi sukari inayopanda bila sababu ndiyo taarifa ya kwanza kwamba kuna usaha mahali.

Mkifika zahanati, semeni mara moja, "Huyu alipasuliwa moyo," na mwonyeshe karatasi zake zote za hospitali. Karatasi hizo zisikae kwenye sanduku la nguo. Ziwe mahali ambapo hata mtoto anayejua kusoma anaweza kuzipata usiku.

Ndugu wasomaji, upasuaji wa moyo hugharimu fedha nyingi, na mara nyingi ukoo mzima umechanga. Mbuzi wameuzwa, pengine na shamba. Itakuwa hasara gani kuyapoteza yote kwa sababu ya soda za wageni, au kwa kidonge kilichonunuliwa dukani bila kuuliza, au kwa mzee aliyeona haya kusema "naumia"? Mwulizeni mgonjwa wenu leo, tena mwulizeni akikohoa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mgonjwa aliyelala kimya anaweza kuwa na maumivu makali?
2. Eleza jinsi maumivu yanavyopandisha sukari.
3. Utafiti wa mwaka 2009 ulitufundisha nini juu ya kushusha sukari kupita kiasi?
4. Kijijini kwenu, mgonjwa akirudi kutoka hospitali, nani atafanya kazi zake kwa miezi mitatu? Pangeni.